Maji mekundu kwenye mabwawa ya chumvi: ni uchafu au ni mali?

Mvuna Chumvi (Gongoni):
Ndugu zangu, salamu. Nina mabwawa machache ya chumvi huku Gongoni, kaskazini mwa Malindi, na kila kiangazi maji yanapokolea na kukaribia kuganda, mabwawa ya mwisho hugeuka waridi, kisha mekundu. Msimu huu mnunuzi mmoja ameukataa mzigo wangu akidai kuwa maji yamechafuka. Kijana wangu wa kidato cha nne anasema kuwa hao ni viumbe hai na kwamba kuna nchi zinazowafanyia biashara. Naomba anayejua anieleze ni viumbe gani, na kama mimi naweza kunufaika nao.

Mwalimu wa Biolojia:
Shikamoo mzee. Kijana wako amesema kweli, na maji yako hayajachafuka. Wanaoyatia rangi ni arkea, yaani viumbe wa chembe moja wanaofanana na bakteria, wa jamii ya Halobacterium, ambao hawawezi kuishi pasipo chumvi nyingi, pamoja na mwani wa chembe moja uitwao Dunaliella salina. Rangi hiyo hata inakusaidia, kwa kuwa maji mekundu hunyonya joto la jua zaidi na hukauka upesi.

Mwani huo ndio wenye soko la siku nyingi. Jua kali na chumvi vinapoubana, hujikinga kwa kutengeneza beta-karotini, ile rangi ya karoti ambayo miili yetu huigeuza kuwa vitamini A, na hali ikiwa nzuri rangi hiyo hufikia asilimia 10 ya uzito wake mkavu. Huko Australia Magharibi, kwenye ziwa Hutt Lagoon, hukuzwa katika mabwawa ya wazi, jambo linalowezekana kwa sababu chumvi yenyewe huwazuia karibu wavamizi wengine wote.

Msomaji wa Tanga:
Naongezea habari za bakteria aitwaye Halomonas elongata, maana yeye alipatikana katika mabwawa ya chumvi kama yako, kwenye kisiwa cha Bonaire katika Bahari ya Karibi, akaelezwa kisayansi mwaka 1980. Ili chumvi isimnyonye maji, hujijaza dutu iitwayo ektoini, ambayo hulinda protini zisiharibiwe na ukavu. Wajerumani walibuni njia ya kumkamua kama ng'ombe: hukuzwa katika chumvi nyingi, huhamishiwa ghafla kwenye maji yenye chumvi kidogo, naye huitema ektoini ili asipasuke, kisha hurudishwa kwenye chumvi atengeneze nyingine. Dutu hiyo imo katika losheni za ngozi, matone ya macho na dawa za kupuliza puani.

Mvuna Chumvi (Gongoni):
Nashukuru sana. Basi je, naweza kuyachota maji mekundu nikayauza?

Mwalimu wa Biolojia:
Maji yenyewe, hapana mzee. Chembe za mwani ni ndogo mno, hazina ukuta mgumu, na zimetawanyika katika maji mengi mazito, kwa hiyo gharama kubwa iko katika kuzivuna bila kuzipasua. Kilicho karibu nawe ni artemia, kiumbe mfano wa kamba mdogo aliyeletwa kwenye mabwawa ya chumvi ya pwani ya Kenya miaka ya 1980. Yeye hula mwani huohuo, na mayai yake hununuliwa na wafugaji wa samaki na kamba ili yaanguliwe yawe chakula cha vifaranga. Mtafute katika mabwawa ya katikati, kabla maji hayajawa mekundu.