Gumzo la ukoo: Twaha apelekwe kambini au asipelekwe?

Baba Twaha: Habari za jioni nyote. Shikamoo mama. Leo shule wameniita mara ya nne. Kampiga mwenzake, na simu ya mwalimu haionekani. Nimechoka. Nimepata tangazo la kambi ya nidhamu, wiki 12, mtindo wa jeshi. Nataka nimpeleke. Semeni.

Ami Hamza: Mpeleke hata kesho. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Rashidi: Ami, methali hiyo inamshitaki Twaha au baba yake? 😂

Shangazi Rukia: Rashidi, si wakati wa mchezo. Kaka, hilo tangazo linasema nini hasa?

Baba Twaha: Kuamka saa kumi na moja alfajiri, kwata, mbio, kazi za mikono, hakuna simu. Kuna picha ya vijana wamenyolewa, wamesimama wima kama mishale. Na mama mmoja anashukuru eti amerudishiwa mwanawe.

Ami Hamza: Basi. Mimi mwenyewe jeshi ndilo lililoninyoosha.

Zuhura: Shikamooni. Ami, wewe jeshi uliliomba mwenyewe, ulikuwa mtu mzima, ulilipwa mshahara na ukatoka na kazi. Twaha ana miaka 15 na atachukuliwa kwa nguvu. Hayo ni mambo mawili.

Ami Hamza: Nidhamu ni nidhamu.

Zuhura: Kazini kwetu ustawi wa jamii hili tunaulizwa kila mara. Marekani walianza kambi hizi na wafungwa watu wazima, majimbo ya Georgia na Oklahoma, mwaka 1983, kisha wakawafuata vijana. Miaka ya 90 kambi zikazagaa. Halafu watafiti wa uhalifu, kina Doris MacKenzie, wakakusanya tafiti 32 wakalinganisha: waliopita kambini na waliopewa adhabu nyingine, nani anarudia makosa? Kwa wastani, sare. Kuna kambi zilizosaidia kidogo na kuna zilizoharibu.

Ami Hamza: Hao watafiti hawajawahi kulala nyumba moja na mtoto mkaidi.

Rashidi: Mimi nimewahi kulala kambini.

Shangazi Rukia: Wewe? Lini?

Rashidi: Ule mwaka mlioambiwa nimeenda kusoma bweni.

Shangazi Rukia: Ya Rabi.

Rashidi: Ndiyo hivyo. Nilijifunza kukunja blanketi na kuitika "ndiyo afande" kabla sijasikia swali. Kitanda cha juu yangu alilala kijana aliyenifundisha kuwasha gari bila ufunguo. Mle ndani kila mtu kaja na ujuzi wake, na usiku ni mrefu.

Rashidi: Niliporudi, wiki tatu nilikuwa malaika. Mama akawaita majirani waje waone nilivyotandika. Wiki ya nne nikawa kwenye kona yetu, na wenzangu wale wale. Tofauti ni kwamba sasa nilikuwa na pumzi ya kuwakimbia polisi.

Ami Hamza: *Ujumbe huu umefutwa*

Rashidi: Siku moja miguu iliniishia kwenye mbio. Wakasema najifanya. Nilimwagiwa maji nikasimamishwa kwa ukosi. Mpaka leo sijui ningeanguka tena wangenifanya nini.

Zuhura: Florida, Januari 2006, kijana wa miaka 14 aitwaye Martin Lee Anderson alianguka kwenye mbio siku yake ya kwanza kambini. Walinzi wakamshika, wakampiga, wakamziba mdomo na kumnusisha amonia. Yote yalinaswa na kamera. Kesho yake akafa. Mwaka huohuo jimbo likafunga kambi zake. Walinzi na muuguzi walishitakiwa, wakaachiwa.

Baba Twaha: Hapa si Florida. Na mimi sitaki auawe, nataka apone.

Zuhura: Najua ba'mkubwa. Hebu wapigie uulize: naweza kuongea na mwanangu siku yoyote nikitaka?

Baba Twaha: Nimeshauliza. Mwezi wa kwanza hakuna simu wala kutembelewa. Wanasema ili azoee.

Zuhura: Hilo peke yake lingenitosha. Mtoto asiyeweza kupiga simu nyumbani atamwambia nani akiumizwa? Na wiki ya 13 nani anamfuata? Ukiona tangazo halina neno juu ya siku ya kurudi, ujue kazi yao inaishia getini.

Ami Hamza: Kwa hiyo tuwabembeleze tu? Tuwaimbie?

Zuhura: Hapana ami. Kilichopimwa kikaonekana afadhali ni kile kisichopigwa picha. Mshauri anakuja nyumbani kila wiki kwa miezi kadhaa, anakaa na wazazi, anaongea na shule, anaangalia kijana anashinda na nani. Mipaka inawekwa, na mzazi anafundishwa kuisimamia bila ngumi.

Baba Twaha: Yaani mgonjwa ni mimi.

Zuhura: Sikusema hivyo, ba'mkubwa.

Baba Twaha: Umesema.

Rashidi: Ba'mkubwa, mimi sikunyooshwa na kambi wala na mshauri. Fundi alinikuta nimewasha gari la mteja wake bila ufunguo. Badala ya kuita polisi akaniambia njoo kesho saa moja. Nikaenda nikidhani ni mtego. Alinitukana miaka miwili, lakini kila asubuhi alikuwepo.

Bibi: 🎤 *Ujumbe wa sauti, 4:12*

Shangazi Rukia: Kwa msioweza kusikiliza: mama anauliza Twaha alianza lini haya.

Baba Twaha: Mwezi wa tatu.

Bibi: 🎤 *Ujumbe wa sauti, 0:09*

Shangazi Rukia: Anasema mama yake aliondoka mwezi wa pili.

Ami Hamza: …

Baba Twaha: Sijawahi kumwambia kwa nini aliondoka. Nilidhani ataelewa mwenyewe.

Zuhura: Yuko wapi sasa?

Baba Twaha: Chumbani. Kafunga mlango kwa ndani, hajala.

Rashidi: Nije?

Baba Twaha: Njoo. Usimwambie nimekuita.

Ami Hamza: Rashidi, pitia kwangu kwanza tuongozane. Nitakaa kimya.

Rashidi: Wewe, ami? 😂

Ami Hamza: Nitajaribu.