Mrejesho: Ledger au Trezor, hatimaye nimechagua
Wakuu, wiki tatu zilizopita niliuliza nichukue Ledger Nano S Plus au Trezor Safe 3, vile vifaa vidogo vya kutunzia funguo za siri za sarafu za kidijitali, ya kutunzia bitikoini zangu. Nimechukua Trezor. Zote zina chipu ya usalama, ila programu ya Trezor iko wazi, mtaalamu yeyote anaweza kuikagua. Halafu Ledger ukikosea PIN mara 3 inajifuta. Trezor inakuvumilia hadi 16, na mimi kwa kusahau sina mpinzani. Ubaya wake, Trezor ina vitufe viwili tu, kuingiza maneno ya siri (yale ya kurejeshea kila kitu kifaa kikifutika au kupotea) kunachosha kweli.

Kabla ya kuhamishia bitikoini zote nilituma kidogo, nikaifuta Trezor yenyewe makusudi, nikairejesha kwa yale maneno ya siri. Jasho lilinitoka! Salio likaonekana vilevile. Maneno yenyewe nimeyaandika kwa kalamu, karatasi mbili, moja iko kwa mama.