Nisubiri Toyota walete gari la umeme, au nichukue Leaf sasa hivi?

Mtu wa Mbezi (mleta uzi)
Wakuu salaam. Naomba ushauri kabla sijatuma hela Japani. Nakaa Mbezi Mwisho, kazi iko Posta, kwenda na kurudi ni kama kilomita 50, na foleni ya Ubungo mnaijua wenyewe. Nina IST, inakunywa mafuta kama ina hasira na mimi. Nimeona Nissan Leaf, zile za umeme tupu, za 2013 na 2014, bei imeshuka mpaka inatia mashaka. Shemeji yangu anauza spea Kariakoo, ananiambia nitulie, Toyota wakitoa ya umeme ndiyo ninunue, maana spea zao zipo mpaka Tunduma. Sasa mwaka wa ngapi huu nasikia Toyota "wanakuja"? Kampuni kubwa vile inakwama wapi? Nisubiri au nichukue?

Gia Tano
Mkuu, Toyota hawajakwama, wameamua. Prius waliitoa 1997, hibridi (petroli na mota ya umeme pamoja) wanaijua kuliko yeyote na ndiyo inayowalipa. Hoja yao ni kwamba malighafi ya betri ya gari moja la umeme inatosha kutengeneza hibridi 90. Akio Toyoda, mwenyekiti wao, alisema mwaka 2024 kwamba magari ya umeme yataishia asilimia 30 ya soko. Hoja ina akili, ila inatoka kwa mtu ambaye viwanda vya injini anavyo tayari, kwa hiyo ipime. Desemba 2021 waliahidi kuuza magari ya umeme milioni 3.5 kwa mwaka ifikapo 2030, baadaye wakapunguza kasi. Gari lao la umeme, bZ4X, lilitoka 2022, wiki chache tu wakawaambia wenye nazo wasiziendeshe, boliti za magurudumu zinaweza kulegea. Toyota hao hao!

Halafu shemeji amesahau kitu kimoja. Sisi tunanunua mtumba. Gari lililopo bandarini leo ni uamuzi uliofanyika Japani miaka kumi iliyopita. Leaf unaiona kwa bei hiyo kwa sababu Nissan walithubutu 2010. Hiyo Toyota ya umeme, hata wakichangamka kesho asubuhi, bei ya mfuko wako itaifikia ukiwa na wajukuu.

Mbongo Ujerumani
Naongezea hapo kwenye "inakwama wapi". Huku injini na giaboksi ni ajira za miji mizima. Gari la umeme lina vipande vichache mno, sasa wale watu utawapeleka wapi? Volkswagen Desemba 2024 walikubaliana na chama cha wafanyakazi kupunguza ajira zaidi ya 35,000 ifikapo 2030. Na utaalamu wao mkubwa ulikuwa kwenye chuma, siyo programu. Gari lao la umeme, ID.3, lilichelewa 2020 kwa sababu ya programu. Ford mwaka 2024 kitengo cha magari ya umeme kilipata hasara ya dola bilioni 5 hivi. BYD wa China walianza na betri tangu 1995, gari likaja baadaye, ndiyo maana Machi 2022 waliacha magari ya petroli tupu bila kulia.

Mama Wawili
Chukua Aqua, hibridi ya Toyota, uishi kwa amani. Desemba ukienda Moshi na watoto, ukifika Chalinze nani atakuchajia?

Fundi Umeme Temeke
Mama Wawili ana hoja kama gari ni moja tu nyumbani. Kwa Mbezi na Posta tuongee betri, maana ukinunua Leaf unanunua betri, bodi ni nyongeza.

Betri ya Leaf haina mfumo wa maji wa kuipoza. Mwaka 2012 wateja wa Arizona, kwenye joto kali, walilalamika uwezo unashuka haraka. Na Dar siyo Njombe. Ya 24 kWh (ukubwa wa betri, yaani uniti 24 za umeme) ikiwa mpya ilikuwa inakwenda kama kilomita 117 hadi 135 kwa kipimo cha Marekani, kutegemea mwaka, zile 200 na zaidi za kwenye tangazo la Kijapani zisahau. Kwenye dashibodi kulia kuna vijistari vikubwa vya chaji, usiviangalie. Pembeni yake kabisa kuna vidogo vyembamba, vikiwa kamili ni 12. Hivyo ndivyo vinavyoonyesha afya ya betri. Vikibaki 8, hesabu kilomita 70 hadi 85 hivi, AC ikiwaka pungufu. Utafika Posta na kurudi, lakini miaka miwili mbele utaanza kuomba Mungu. Ongeza hela utafute ya 30 kWh, au ya 40 iliyoanza 2017.

Kuchaji nyumbani ni kama saa 8, usiku kucha. Soketi iwe na laini yake na ethi ya kweli, siyo ekstensheni ya Kariakoo. Kwa safari yako weka uniti 9 au 10 kwa siku, kama shilingi 3,500. IST foleni hiyo inakula lita 5. Ila kama LUKU yako iko kwenye ile bei nafuu ya shilingi 122 kwa uniti, agana nayo, uniti 75 za mwezi utazimaliza wiki ya pili.

Jirani wa Nairobi
Huku gari lililopita miaka minane haliingii kabisa, hiyo ya 2013 ungeisahau. Lakini tuna bei maalum ya umeme wa kuchaji tangu 2023, usiku ni nafuu. Kitu kingine, menyu ya Leaf ya mtumba ni Kijapani tupu, zoea picha.

Mtu wa Mbezi (mleta uzi)
Shukrani wakuu. IST inabaki kwa ajili ya Moshi, mke ameshapitisha. Nimemwomba wakala picha ya dashibodi ikiwa imewashwa, amenitumia taa za mbele na matairi. Nimemwomba tena, ananiambia "boss betri iko poa".

Fundi Umeme Temeke
Huyo achana naye. Tafuta tatu nne za 30 kWh kwa wakala mwingine, leta picha za dashibodi hapa tuhesabu.