Mwajiri anatupandisha Kilimanjaro kwa amri, mtu akiumwa anasema "mlikwenda kwa hiari"

Wakuu, habari zenu.

Kampuni sitaitaja, walio ndani wataijua. Naleta hili hapa kwa sababu ofisini kila mtu kafyata mkia na kuna mwenzetu anadhulumiwa mchana kweupe.

Desemba iliyopita uongozi uliamua tuadhimishe Uhuru kwa kupanda Kilimanjaro njia ya Marangu. Tangazo likatoka na orodha ya majina. Juu limeandikwa "mwaliko". Chini: asiyeshiriki aandike barua ya maelezo kwa meneja wake. Mwaliko gani huo wa kuandikiwa barua ya kujieleza?

Watu tumetoka Dar, usawa wa bahari, kazi yetu ni ya kukaa kwenye kiti. Hakuna aliyepimwa presha, hakuna aliyeulizwa kama ana pumu. Kilichoandaliwa ni tisheti zenye nembo na bango la kupigia picha. Makoti tulijitafutia wenyewe kwenye mitumba ya Memorial pale Moshi, wengine wakapanda na raba za mazoezi. Mkurugenzi akatuhutubia habari za Luteni Alexander Nyirenda aliyepeleka bendera na mwenge kileleni mwaka 1961. Nyirenda alikuwa mwanajeshi! Unamlinganishaje na karani aliyepewa taarifa wiki chache kabla?

Kinachonichoma zaidi ni siku waliyoikata. Vituo vya kulala: Mandara ni mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo kama 4,700. Kila kituo unaongeza karibu mita 1,000, wakati wataalamu wa tiba ya milimani wanashauri kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala zaidi ya mita 500 kwa usiku. Ndiyo maana wenye busara huongeza usiku wa pili palepale Horombo: mchana wanapanda kidogo, jioni wanarudi palepale, mwili uzoee hewa nyepesi. Kiongozi wetu wa mlima alilisema hilo tukiwa bado getini. Akajibiwa kwamba bajeti iliyopitishwa ni ya siku tano, na sisi ni vijana.

Horombo watu wakaanza kuumwa kichwa na kusukuma sahani pembeni. Jioni kiongozi akapita kuuliza mmoja mmoja: umekula? Kichwa vipi? Umetapika? Mkurugenzi kakaa meza hiyohiyo. Wote tukajibu "niko fiti". Nani atasema kichwa kinapasuka mbele ya mtu anayesaini mkataba wake, na alishatamka kwamba huko juu ndiko atakakojua nani anajituma? Ugonjwa wa mlimani unadhibitiwa kwa mtu kusema mapema anavyojisikia. Ukimpandisha mfanyakazi na bosi wake kwa masharti hayo umemziba mdomo, na dalili iliyofichwa kule inaua. Hata tungevalishwa makoti ya bei mbaya, hatari hiyo ingebaki palepale.

Kibo tuliondoka saa sita usiku. Kwenye zile changarawe za kuelekea Gilman's Point, ukingoni mwa kreta, nilikuwa nyuma ya dada mmoja wa uhasibu. Anayumba kama mlevi. Akaanza kuvua glavu anasema anasikia joto, na maji ya chupa yameshaganda. Kiongozi akamwambia atembee hatua chache, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa pili. Hakuweza. Akamuuliza jina lake, akataja la mwanawe.

Huo si uchovu, wakuu. Ni ubongo kuvimba, na tiba ya kwanza ni kushuka saa hiyohiyo. Mkurugenzi anasema apewe chai ya moto apumzike, picha ni ya timu nzima! Kiongozi, Mungu ambariki, alikataa katakata. Yeye na mpagazi mmoja wakamshika kwapani wakateremka naye gizani, na kutoka Kibo wagumu, yaani wapagazi, wakamkimbiza kwa ile machela ya gurudumu moja. Hao ndio waliomwokoa.

Alilazwa, akapona. Bili kalipa mumewe. Alipopeleka risiti, HR wakamjibu kwa maandishi kwamba safari ilikuwa "ya hiari na nje ya kazi". Hiari ipi, wakati siku zile tulisainishwa mahudhurio kama siku za kazi? Na picha ya kileleni imewekwa kwenye kalenda ya kampuni, imetundikwa mapokezi. Kila asubuhi yule dada anapita chini yake.

Tunataka arudishiwe hela yake yote na ile barua ya HR ifutwe. Wanaoijua Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 na taratibu za WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi), tuelekezeni: tuanzie OSHA (wakala wa usalama na afya mahali pa kazi) au WCF? Tangazo lenye sharti la barua ya maelezo yule dada analo, karatasi ya mahudhurio tumeipiga picha, na mimi niko tayari kusimama shahidi kwa jina langu.