Ubao mpya wa kaboni: niuzoee au niuuze? Naombeni ushauri

Bekihendi Tu
Wakuu, habari za jioni. Nacheza tenisi ya meza ngazi ya klabu, topspini (spini ya kwenda mbele) pande zote mbili, karibu na meza. Raketi ya zamani ni ubao wa Stiga Allround Classic wenye raba za Yasaka Mark V, sponji ya milimita 2.0. Sasa nimehamia ubao wa Butterfly Viscaria wenye raba za Tenergy 05 za 2.1 pande zote. Nikipiga kwa nguvu mpira unaenda kama nilivyotaka, lakini bloki zinapitiliza meza, sevisi fupi inageuka ndefu, na nikipokea sevisi iliyozungushwa pembeni mpira unanyanyuka, napigwa. Pia ukingo wa ubao unaniumiza kwenye shina la kidole cha shahada. Tatizo ni ubao, raba au mkono? Na mnajaribuje ubao mpya kabla ya kuamua?

Mzee wa Spini
Mkuu, umebadilisha vitu viwili kwa mpigo, kwa hiyo hapo hakuna anayeweza kukujibu kwa uhakika. Tenergy 05 inarusha mpira yenyewe na inaathirika sana na spini ya mpinzani. Huko kunyanyuka kwa sevisi naishuku raba kwanza. Viscaria nayo ina matabaka saba: matano ya mbao na mawili ya ALC, yaani nyuzi za arilate zilizofumwa na kaboni. Hiyo ALC imekaa moja kwa moja chini ya ngozi ya juu, na ngozi yenyewe ni koto, mti mgumu. Mpira haukai. Allround Classic ni mbao tupu matabaka matano, inapinda kidogo na kukupa muda.

Badilisha raba kwa msalaba: Mark V ziende kwenye Viscaria, Tenergy ziende kwenye Allround. Vichwa vya mbao hizo vinakaribiana ukubwa, hutapoteza raba. Kosa likiifuata Viscaria, ni ubao. Likizifuata Tenergy, ubao hauna hatia. Likiwa kwenye raketi zote mbili, rudi kwa kocha.

Fundi Gundi
Naongezea kwenye kubandua, maana hapo ndipo watu wanaharibu. Anzia upande wa mpini, vuta polepole raba ikiwa imelala karibu na ubao, kufuata nyuzi. Ukivuta kwa wima unaondoka na vibanzi. Kibanzi kikianza kunyanyuka, acha hapo hapo, ingilia upande wa pili.

Ubao ambao haujapakwa kinga upake vanishi ya maji kwa kitambaa, safu moja nyembamba sana, ulale usiku mzima. Ukipaka nene unauongezea ugumu, na wewe tayari unalalamikia ugumu.

Gundi ya zamani kwenye sponji isugue kwa kidole mpaka ijiviringe itoke. Kisha gundi ya maji ya raketi: safu moja kwenye ubao, moja kwenye sponji, na sponji ikiinywa yote ongeza ya pili. Subiri weupe wote upotee. Kwa unyevu wa Dar, Tanga au Mombasa inaweza kufika nusu saa, washa feni. Ukibandika ingali nyeupe, maji yanabaki katikati na raba inatoa malengelenge. Laza raba kuanzia mpinini, viringisha chupa ya glasi juu yake bila kuivuta. Raba iliyovutwa hurudi na kingo zinaachia. Gundi ya fundi viatu isahau. Ina viyeyusho, na ITTF, shirikisho la kimataifa la tenisi ya meza, ilishazipiga marufuku gundi za namna hiyo tangu 2008. Tena siku ya kubandua itang'oa koto yako.

Kata Chini
Kwenye kujaribu: wengi wanapigiana fohendi kwa fohendi robo saa, basi wanasema ubao mtamu. Kwa zoezi hilo kila ubao ni mtamu! Jaribu yale yanayokushinda.

Bloki: mwenzako akupigie topspini ya kasi moja, wewe uielekeze kwenye taulo uliyotandaza sentimita 40 za mwisho wa meza. Mipira 20 kwa raketi moja, 20 kwa nyingine, mipira ya aina moja, siku moja. Sevisi fupi: mpira ukiachwa lazima udunde mara mbili upande wa mpinzani. Halafu topspini ya pole dhidi ya mpira uliokatwa (wenye spini ya kurudi nyuma), hapo ndipo ubao mgumu unajianika, kwa sababu mguso usipokuwa mwembamba mpira unatoka kabla raba haijaushika.

Kabla ya kuulaumu ubao, legeza mkono kwenye bloki, funga pembe zaidi, gusa mpira mara tu unapodunda na usiusukume. Sevisi fupi igusie chini, karibu na kimo cha neti (sentimita 15.25), na mdundo wa kwanza uwe mbali na mstari wako wa mwisho.

Mpini Mnyoofu
Mimi siafiki hii habari ya kuzoea. Ngazi ya klabu, kaboni ya nje ya nini? Kuna ubao mwingine wa Butterfly, Innerforce Layer ALC, ALC ile ile ila imekaa jirani na kiini. Ukigusa pole unahisi mbao, ukipiga kwa nguvu ndipo kaboni inaamka.

Mzee wa Spini
Ni ubao mzuri, sikatai. Ila kununua wa tatu kabla ya kujua kosa la wa pili ni kumpa muuzaji hela.

Fundi Gundi
Kuhusu kidole: msasa namba 240, umalizie na 400, kwenye mabega ya ubao tu, pale kidole gumba na cha shahada vinapokaa. Ondoa ncha kali, usichonge. Fanya raba zikiwa zimeshatoka, vumbi lisiingie kwenye sponji, kisha gusa vanishi kidogo hapo.

Bekihendi Tu
Shukrani wakuu, nabadilisha raba kwa msalaba wikiendi hii. Swali moja: mpya ni gramu 192 nzima, ya zamani 175. Inachangia?

Kata Chini
Sana, hasa kurudi bekihendi baada ya fohendi. Na sehemu kubwa ya hizo gramu 17 iko kichwani. Tepu ya mpini inavuta uzito kuja mkononi lakini jumla inazidi kupanda. Ukija kununua raba tena, weka sponji ya 1.9 upande wa bekihendi, utapunguza gramu kadhaa na bloki itatulia. Wakati wa kubadilisha pima kila kipande peke yake kabla ya gundi, utuletee namba.