Ushauri: Serikali inatulipa tusilime ekari 38, jirani anataka kuzilima. Tuvunje mkataba?

Mgeni wa Iowa:
Heshima kwenu wakuu. Niko kusini mwa Iowa, Marekani. Mke wangu na marehemu baba yake waliziingiza ekari 38 za mteremko kwenye CRP, ule mpango wa Wizara ya Kilimo wa kumlipa mwenye shamba aache nyasi zishike udongo. Mkataba ni wa miaka 10, tumemaliza 6. Kila Oktoba inaingia dola 160 kwa ekari. (Bibi yangu kule Karatu nilipomweleza kwamba huku watu wanalipwa wasilime, aliuliza kama nimeanza kunywa.)

Sasa jirani anayelima mahindi na soya anataka kulikodi eneo lile kwa dola 240 kwa ekari. Anasema mkataba ni karatasi tu. Na juzi imekuja barua ya ofisi ya kaunti ya FSA, shirika la Wizara ya Kilimo linalosimamia mpango huu: kuna miti imeota ndani ya nyasi, tuiondoe. Mke amechoka, anataka tuvunje. Mnaonaje?

Jembe Butu:
Vunja mkuu. Dola 80 zaidi kila ekari na bado unauliza?

Mzee wa Nebraska:
Huyo msamehe. Ukivunja unarudisha kila dola mliyolipwa tangu mwaka wa kwanza, na riba, na faini juu. Piga hesabu: 38 mara 160 mara 6 ni dola 36,480. Jirani atakuongezea 12,160 kwa miaka 4 iliyobaki. Hapo umepata au umepatikana?

Na usishangae jirani kuwapita serikali kwa bei. Sheria ya kilimo ya 2018 ilibana malipo ya maombi ya kawaida yasizidi asilimia 85 ya wastani wa bei ya kukodi mashamba ya kaunti. Walifanya makusudi, ili ardhi nzuri ibaki kwa wakulima na CRP ichukue ile ya mteremko kama yako. Tangu 1985 mpango ulipoanza, shabaha ilikuwa udongo unaokwenda na maji, na nafaka iliyokuwa imezidi sokoni.

Mama Wawili:
Kwenye hesabu weka na kodi ya mapato, hizo hela zinakuja na fomu ya kodi ya 1099-G. Sisi mwaka wa kwanza tuliisahau, tukalia.

Mgeni wa Iowa:
Dah, 36,480 sikuiwaza kabisa. Asanteni. Na hii miti je? Ni mierezi midogo, mingi inanifika kiunoni, na mbigili zimejaa upande wa mfereji. Naweza kupitisha trekta la kufyekea siku yoyote?

Mzee wa Nebraska:
Hapana! Iowa, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 1 ndege wanatagia humo, hufyeki bila ruhusa ya ofisi. Kata sasa. Mwerezi ukiukata chini kabisa, usiache tawi bichi, hauchipui tena. Mbigili ndizo za kupigwa dawa ya magugu. Ila pita ofisini kwanza, wakuonyeshe kwenye mpango wako wa hifadhi unaruhusiwa nini, na barua yao uijibu kwa maandishi.

Mgeni wa Iowa:
Leo Aprili 22, nina wiki tatu. Jirani nimeshamwambia hapana. Shida ni kwamba msumeno wa mashine huku kwetu anao yeye peke yake.