Iowa 2024 (futiboli ya Marekani ya vyuo): McNamara, Hill, Lainez, au tuingie sokoni?

Mpiga_Panti
Wakuu, nimelala na 35–0 ya Tennessee na nimeamka nayo. Kabla yake ilikuwa 26–0 ya Michigan. Mechi mbili za mwisho, pointi sifuri! Tulinganishe bila matusi: nani awe kwotabeki, mrushaji pasi anayeongoza mashambulizi, msimu ujao wa 2024?

McNamara: ndiye mzoefu. Aliibeba Michigan hadi ubingwa wa Big Ten, ligi yetu, 2021, tena kwa kutufumua sisi wenyewe 42–3. Shida ni kwamba magoti yote mawili yameshapita kwa daktari.

Hill: mzima wa afya, mwili kama kontena, mkono una nguvu. Ila zaidi ya nusu ya pasi zake hazikufika. Tachidauni (mpira kufikishwa eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6) 5, pasi zilizonaswa 8.

Lainez: bado kinda. Tumemwona mwishoni mwa mechi ya Tennessee, matokeo yameshaamuliwa, akachomoka na mpira mbio angalau watu wakainua vichwa.

Sokoni, yaani kwa wachezaji wanaohama vyuo vingine: nani atakubali kuja kurushia mpira hapa?

Mama_Kalemie
Ndugu, orodha yako haina mtu mmoja: kocha wa mashambulizi. Msimu wa 2022 tulifungua na South Dakota State, 7–3, bila tachidauni hata moja. Fildi goli moja (mpira kupigwa kati ya milingoti, pointi 3) na sefti mbili (kumwangusha mwenye mpira kwenye eneo lake la mwisho, pointi 2 kila moja)! Wakati ule kwotabeki alikuwa Petras. Akaja McNamara, akaja Hill. Watu watatu, ugonjwa ule ule. Mkataba wa Brian Ferentz, kocha wetu huyo wa mashambulizi, ulidai wastani wa pointi 25 kwa mechi, tumemaliza na 15.4. Hata wangemleta nani, angerusha nini?

Njoro_DesMoines
Acheni niseme lisilopendwa. Tumeshinda mechi 10. Mzee Kirk, kocha mkuu, yuko hapa tangu 1999 na dawa yake ni moja: linda, piga panti (mpira wa mguu wa kumrudishia mpinzani mbali), ngoja mwenzako akosee. Inachosha macho, sikatai, lakini inashinda.

Mpiga_Panti
Inashinda mpaka ukutane na timu inayojua kufunga, bwana Njoro. Tory Taylor amepiga panti 93, yadi 4,479, rekodi ya vyuo vyote. Safu nzima ya mashambulizi, pasi na mbio zikijumlishwa, haikumfikia. Mwaustralia na mguu wake!

Kijana_wa_Coralville
Mama Kalemie shikamoo. Nakubali kuhusu kocha, ila Hill msimsafishe kupita kiasi. Mechi ya Minnesota nilikuwa Kinnick, uwanja wetu, viti vya juu kabisa, na dogo langu aliyefurahia kuwapungia watoto wa hospitali iliyo jirani na uwanja kuliko mpira wenyewe. Tuko nyuma 12–10, DeJean, mlinzi wetu, anairudisha panti mpaka mwisho, uwanja unatikisika, jirani yangu kanimwagia soda. Mara waamuzi wanaifuta, eti alipunga mkono, ishara inayozuia kukimbia na mpira. Sawa, tumeonewa. Lakini mpira ulibaki kwetu! Fildi goli tu ingetosha. Hill akarusha, Minnesota wakanasa. Hilo nalo ni la Brian?

Mama_Kalemie
Marahaba mwanangu. Kurusha karusha yeye. Lakini kijana aliingizwa kwa dharura McNamara alipoumia, na hakuna aliyembadilishia mchezo ufanane naye. Mtu mzito hivyo unamtegemea akimbie-kimbie?

Njoro_DesMoines
Hapo umenipata kidogo. Basi yangu hii: McNamara aanze kama goti litamruhusu, Lainez apewe zamu chache za kushambulia kila mechi azoee, na sokoni tutafute mmoja mzoefu wa akiba. Msimu huu tumeona akiba mbovu inavyogharimu.

Kijana_wa_Coralville
Mimi sokoni kwanza. Kumjengea mtu timu nzima juu ya magoti yale ni kamari.

Mpiga_Panti
Kura zinaelekea kwa McNamara, shingo upande. Mimi nangoja jina la kocha mpya wa mashambulizi. Wakileta mwingine wa kukumbatia mpira na kupiga panti, tiketi sinunui.

Mama_Kalemie
Mwaka jana ulisema hivyo hivyo. Ukanunua mbili.